Namna ya Kumsikiliza Paka Wako na Kumjibu

Paka wawili wazima wakikutana uani, ni nadra sana kumsikia mmoja akimwambia mwenzake "nyau". Watanusana, watatazamana, mmoja atainua mkia na mwingine atageuza uso, na wakikosana watangurumiana. Lakini ile "nyau" tunayoisikia kila siku jikoni hawapeani. Mtoto wa paka humlilia mama yake kwa sauti hiyo, na anapokua desturi hiyo hufifia baina ya paka na paka, ila paka anayeishi na watu huiendeleza maisha yake yote kwa ajili ya wale wanaomlisha na kumfungulia mlango. Hapo ndipo pa kuanzia. Sauti nyingi unazozisikia kwa paka wako zimeelekezwa kwako, na jinsi zilivyo leo imetokana kwa sehemu kubwa na jinsi ulivyozijibu siku zilizopita. Kwa hiyo anayetaka kumwelewa paka hana budi kujifunza mambo mawili kwa pamoja: kusikiliza na kujibu.

Wapo wanaotafuta orodha ya sauti na maana zake, nao hawatafika mbali. Mwaka 2003 Nicholas Nicastro na Michael Owren wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walisikilizishwa rekodi za paka wasiowajua, waliorekodiwa katika hali tofauti kama vile wakisubiri chakula, wakizuiwa na mlango au wakiwa na dhiki, kisha wakaulizwa kila sauti ilitolewa katika hali gani. Wasikilizaji walimzidi kidogo tu mtu anayebahatisha, na wale waliozoea kuishi na paka ndio waliopata afadhali. Kwa maneno mengine, "nyau" ya paka wa jirani haikuambii mengi, kwa sababu jirani na paka wake wamekwisha kuelewana kwa namna yao. Ya paka wako unaweza kuijua vizuri kabisa, lakini itakubidi uisome kwake yeye.

Tazama mdomo kwanza

Mwaka 1944 mwanasaikolojia wa Marekani, Mildred Moelk, alichapisha uchunguzi wa sauti za paka wa nyumbani, akazipambanua katika mifumo 16 na kuipanga mifumo hiyo katika makundi matatu kulingana na kazi inayofanywa na mdomo. Ni mgawo wa zamani, lakini bado ndio ninaoupendekeza kwa anayeanza, kwani mdomo huonekana hata na mtu ambaye masikio yake si mepesi kutofautisha sauti.

Kundi la kwanza ni la sauti zinazotoka mdomo ukiwa umefumbwa, yaani mkoromo wa paka aliyejilaza (si ule wa usingizini, bali ule mtetemo wa koo usiokatika) na ule mguno mfupi unaoviringika, "mrr". Kundi la pili ni la sauti ambazo mdomo hufunguka kisha hufumbwa taratibu huku sauti ikiendelea, na humo ndimo ilimo "nyau" na jamii yake yote. La tatu ni la sauti zinazotolewa mdomo ukiwa wazi na umekazwa: kunguruma, pumzi kali ya "khhh", kilio cha ugomvi na ukelele wa maumivu. Ukishayajua makundi haya umekwisha kujua jambo kubwa, kwamba kadiri mdomo unavyokazwa ndivyo paka anavyozidi kutaka nafasi kati yake na kinachomkabili. Kanuni hii ina kasoro zake, mojawapo ikiwa paka aliyekamata kichwa cha samaki, ambaye huweza kukungurumia vizuri kabisa huku mdomo umejaa.

Mguno wa "mrr" unastahili kuzingatiwa kuliko unavyozingatiwa. Paka aliyezaa huutumia anaporudi kwa watoto wake, nao hutoka walikojificha. Watafiti nchini Meksiko walionyesha mwaka 2016 kwamba watoto wa umri wa wiki nne huitofautisha sauti ya mama yao na ya paka jike mwingine. Paka mzima anapokupokea mlangoni kwa mguno huo, mkia ukiwa umesimama wima na ncha yake imepinda kidogo, anakusalimu, na hana haja na chakula wala kitu kingine. Jibu linalofaa ni kuinama, kumnyooshea kidole akinuse na kulitaja jina lake kwa sauti ya chini. Anayekimbilia kumpa dagaa kila anaposalimiwa hivyo atajikuta baada ya muda mfupi hasalimiwi tena, anadaiwa.

Ipo pia sauti ambayo huwashangaza wengi wanapoisikia mara ya kwanza. Mtazame paka usiku, mjusi kafiri akiwa amening'inia darini karibu na taa. Paka hukaa chini akakaza shingo, masikio yote yakaelekea mbele, ncha ya mkia ikaanza kucheza, kisha taya la chini likaanza kutetemeka upesi na meno kugongana, "ke-ke-ke-ke", pengine bila sauti ya koo kabisa. Hufanya hivyohivyo akimwona shomoro nje ya wavu wa dirisha. Hii ni sauti ya mwindaji aliyekiona kitoweo asichoweza kukifikia, na haikuhusu wewe. Usimguse wakati huo, kwani mwili wake wote umejiandaa kurukia kitu na mkono wako unaweza kuwa ndicho kitu kilicho karibu.

Mkoromo si furaha peke yake

Mkoromo hutoka paka anapovuta pumzi na anapoitoa, ndiyo maana husikika kama haukatiki, na mitetemo yake kwa kawaida huwa kati ya 25 na 30 kwa sekunde. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba ubongo huamrisha misuli ya kongomeo, yaani kiungo cha kooni kinachotoa sauti, ikaze na kulegea mara nyingi kwa sekunde. Mwaka 2023 Christian Herbst wa Chuo Kikuu cha Vienna na wenzake walipitisha hewa katika makongomeo ya paka wanane waliokuwa wamekufa kwa maradhi, na yote yakatoa mtetemo wa kina kama ule wa mkoromo bila amri yoyote ya ubongo. Walikuta pia vipande vya tishu unganishi ndani ya nyuzi za sauti, ambavyo huenda ndivyo vinavyomwezesha mnyama mdogo kiasi hicho kutoa sauti nzito kiasi hicho.

Kwa mwenye paka, lililo muhimu zaidi ni kwamba paka hukoroma akiwa na raha, na hukoroma vilevile akiwa na maumivu, akiwa na hofu kwa daktari, anapozaa na hata anapokaribia kufa. Usiutumie mkoromo kuwa ushahidi wa afya. Tazama macho: paka mwenye raha huyafumba nusu na kuulegeza mwili, ilhali mwenye maumivu hujikunyata, hukaza mabega na kuinamisha kichwa, na hatageuka ukimwita. Yale madai kwamba mkoromo huponya mifupa yanapendwa sana na watu, lakini hayajathibitishwa, na paka aliyevunjika mguu apelekwe kwa daktari wa mifugo hata kama anakoroma mpaka chumba kizima kinasikia.

Kuna mkoromo wa tatu, wa kuomba. Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliueleza mwaka 2009: paka anayetaka kulishwa huchanganya mkoromo wake wa kawaida na mlio mwembamba wa mitetemo kama 380 kwa sekunde, kiwango kinachokaribia cha kilio cha mtoto mchanga. Watu waliosikilizishwa, hata wasiowahi kufuga paka, waliuona mkoromo huo kuwa wa haraka zaidi na usiopendeza sana masikioni. Ukiwa umelala alfajiri na paka akaja kukoromea karibu na sikio lako, nawe ukashindwa kabisa kuupuuza ingawa hauna kelele, basi huenda ni huo. Baadhi ya paka huuzidisha nguvu mlio huo wanapoona kwamba huwapatia chakula.

Jinsi ya kuisoma "nyau"

Chukua simu yako na urekodi. Rekodi fupi za video zinatosha, lakini kwa kila moja andika palikuwa na nini kabla paka hajalia, alikuwa amesimama wapi na akitazama nini, na hatimaye nini kilimnyamazisha. Hili la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, nalo ndilo watu wanalolisahau. Paka aliyelia mbele ya bakuli lenye chakula na akanyamaza ulipokaa chini karibu naye hakuwa na njaa; alitaka mtu akae naye anapokula, kama wanavyotaka paka wengi. Aliyelia kwenye mlango, ukafungua, akabaki kizingitini akitazama nje bila kutoka na bila kunyamaza, hakuwa akiomba kutoka, na pengine kuna paka mwingine aliyepita hapo usiku na kuacha harufu yake. Mtu anayeiangalia sauti peke yake atasema paka ana njaa katika hali zote mbili, atamwongezea chakula, na paka atanenepa bila kupata alichokitaka.

Baada ya hapo sikiliza mwisho wa sauti unakoelekea. Susanne Schötz, mtaalamu wa fonetiki (elimu ya sauti za usemi) wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi, pamoja na mwenzake walilinganisha sauti za paka waliokuwa wakisubiri chakula na za paka waliokuwa wakisubiri kwa daktari, wakaona kwamba za kwanza kwa kawaida hupanda mwishoni na za pili hushuka. Hili unaweza kulijaribu mwenyewe bila chombo chochote. "Nyau?" fupi inayopanda ni ya paka anayetarajia kitu, "nyaaoo" ndefu inayoshuka na kuzama, hasa akiwa ndani ya kikapu cha safari au amefungiwa chumbani, ni ya paka aliye na dhiki. Urefu nao una maana yake: paka aliyejibiwa upesi hutumia sauti fupi, na asiyejibiwa huivuta.

Utamwona wakati mwingine akikutazama usoni, akafungua mdomo kikamilifu, na usisikie kitu. Sauti hiyo inaweza kuwa hafifu mno au nyembamba kupita uwezo wa masikio yetu. Mwanadamu husikia mpaka mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, lakini paka hufika karibu 85,000, kwa hiyo si ajabu yeye akajiona amesema.

Unapomjibu unamfundisha

Paka huijua sauti ya mwenyewe. Mtafiti wa Kijapani Atsuko Saito na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba paka huitofautisha sauti ya mtu anayeishi naye na ya mgeni, na mwaka 2019 wakaonyesha kwamba paka wa nyumbani hulitambua jina lake kati ya maneno mengine yanayofanana nalo kwa urefu na lafudhi. Mwaka 2022 Charlotte de Mouzon na wenzake nchini Ufaransa waligundua kwamba paka hubadili mwenendo wanaposikia mwenyewe akitumia ile sauti nyembamba ya kuongea na paka, lakini hawajali mgeni akiitumia.

Kutokana na hayo, mpe paka jina fupi, lenye silabi mbili hivi, na ulitamke kabla ya jambo jema: kabla ya chakula, kabla ya kumkuna kidevu. Usilitumie unapomkemea. Nyumba ambayo jina la paka hutajwa tu anapopanda mezani haina haki ya kulalamika kwamba haitiki. Ile "ps ps ps" tunayowaitia paka wa mitaani hufanya kazi kwa sababu ina sauti nyembamba ambazo sikio la paka huzikamata haraka, lakini humwita kila paka aliye karibu, na mwenye wageni wengi uani anajua matokeo yake.

Ugumu uko kwenye kelele za alfajiri, ambazo ndizo huwaleta watu wengi kuuliza. Paka kwa maumbile huamka na kuchangamka mapambazuko na machweo. Akilia saa kumi na moja alfajiri na wewe ukaamka kumwekea chakula, amejifunza saa. Ukimpuuza siku tatu na siku ya nne ukashindwa ukaamka, amejifunza jambo baya zaidi, kwamba asikate tamaa. Malipo yanayokuja mara moja moja hujenga ving'ang'anizi. Ukiamua kuacha, acha kabisa: usimpe chakula, usimsemeshe, usimrushie kandambili, kwa maana hata kukemewa ni kujibiwa. Ujue pia kwamba kelele zitazidi kabla hazijapungua, na usiku ule zinapofikia kilele ndipo wengi hushindwa, wakati ambapo walikuwa wamekaribia kufaulu. Humsaidia sana paka ukicheza naye jioni kwa kamba au manyoya mpaka achoke, kisha ukampa mlo wake wa mwisho karibu na wakati wa kulala, na ukautenga mlo wa asubuhi na kitendo chako cha kuamka, kwa mfano kwa kuoga kwanza ndipo umlishe.

Kunguruma na ile pumzi ya "khhh" havistahili adhabu. Ni onyo linalomwepusha paka na kupigana, na paka anayechapwa kwa sababu ya kutoa onyo anaweza kuacha kuonya akaanza kwa kucha. Rudi nyuma, ondoa macho yako machoni pake, mwachie njia ya kutokea, na uwaondoe watoto bila kupiga kelele.

Vilio vya usiku

Kilio kirefu cha usiku wa manane, kinachopanda na kushuka kama mtoto anayeteswa, kimewafanya watu watoke na tochi kutafuta kichanga kilichotupwa, na wengine wakakihusisha na mambo ya kishirikina. Mara nyingi ni paka jike aliye kwenye joto. Hulia kwa sauti nzito isiyo ya kawaida yake, hujigaragaza sakafuni, hubinua makalio na kusogeza mkia pembeni anapoguswa mgongoni, na hali hiyo huendelea kwa siku kadhaa, mara nyingi kama wiki moja. Asipopandwa itarudi baada ya wiki mbili au tatu. Katika nchi za kaskazini paka hupumzika majira ya baridi kwa sababu uzazi wao hufuata urefu wa mchana. Kwetu, karibu na ikweta, mchana haubadiliki sana na joto hilo linaweza kurudi mwaka mzima. Huweza kuanza jike akiwa na miezi minne au mitano, umri ambao wengi bado wanamhesabu mtoto. Hakuna jibu la sauti litakalomnyamazisha. Dawa ni kumfunga kizazi kwa daktari wa mifugo, na dume naye ahasiwe, jambo ambalo hupunguza pia zile ngurumo za paka shume wanaokabiliana juu ya bati.

Shume hao hupimana kwa sauti kwa muda mrefu kabla ya kushikana, na mara nyingi mmoja huondoka polepole bila damu kumwagika. Wakishikana, usiingize mkono. Gonga sufuria, au telezesha ubao au boksi lililokunjuliwa katikati yao, na paka wako akishaachana na adui mwache peke yake mpaka atulie, kwa kuwa hasira iliyobaki humrukia yeyote anayemgusa.

Sauti inapobadilika

Ukishaijua sauti ya kawaida ya paka wako, mabadiliko yake huwa ni taarifa. Paka mzee aliyekuwa kimya na sasa anazurura usiku akilia kwa nguvu anaweza kuwa na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, shinikizo la damu, uziwi au akili iliyoanza kupotea kwa uzee, na mengine kati ya hayo hutibika. Sauti iliyokauka ghafla, ikifuatana na chafya na makamasi, mara nyingi ni mafua ya paka; ikikauka bila mafua na isirudi, mpeleke akachunguzwe koo.

Dume anayeingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga, anajikamua, analia na hatoi mkojo au anatoa matone tu, asisubiri kesho. Njia yake ya mkojo ikiziba, sumu hurudi mwilini na anaweza kufa katika siku moja au mbili. Wengi hudhani amefunga choo na kumpa mafuta ya kula, wakapoteza saa zile ambazo daktari angezitumia kumwokoa. Ukienda, chukua ile rekodi ya simu, kwa kuwa paka wengi wakifika kwa daktari hunyamaza kabisa.

Katika nchi zetu hatuwezi kuacha kutaja kichaa cha mbwa, ambacho huwapata paka pia. Ugonjwa huo hupoozesha misuli ya koo, hivyo sauti huwa ya ajabu na ya kukwaruza, mate humtoka, na paka aliyekuwa mpole hushambulia bila sababu, au paka mwoga wa mtaani husogelea watu. Usijaribu kumshika wala kumtazama mdomoni. Mfungie alipo ukiweza na uwaarifu maofisa wa mifugo. Mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama paka ameonekana baadaye ametulia.